Mbao Alizozijua Baba kwa Nyayo

Nyumbani kwenu,
Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili, mvua ndiyo zinaanza.

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua ukiona bahasha nene namna hii utashika kifua kwanza, kwa hiyo naanza na hili: hakuna aliyefariki, hakuna aliyelazwa, na nyumba haijaungua. Kaka yako yupo, anakula, anabisha. Sasa vaa miwani usome polepole.

Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema linakutabiria mvua kuliko redio. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia ilifika salama au ilimwagika njiani? Usiipake halafu ukakae karibu na jiko. Chua, funga kitambaa, lala. Na mzee wako, presha imeshuka? Mwambie chumvi haina undugu na mtu. Mapacha nawasalimu kwa moyo wote. Nasikia mmoja ameanza kufundisha na mwenzake bado anatafuta kazi itakayompenda. Asikate tamaa, riziki kama ajali, huijui inapokuja.

Sisi huku kwa mwili hatujambo. Mimi bado nipo pale pale kwenye duka la dawa, nasimama kutwa nyuma ya kaunta nikiwaambia watu wameze kabla ya kula au baada ya kula. Mdogo wangu kinyozi amepata kiti cha pili cha kunyolea, kile kinachozunguka, na tangu akipate anajiona daktari wa vichwa. Mke wake ni mzima, watoto wanakua.

Ila kwa akili, Shangazi, sijambo siwezi kusema. Nimechanganyikiwa. Ningekupigia simu, lakini unamjua kaka yako: tangu apofuke macho, masikio yake yanasikia hata chumvi ikiyeyuka. Nikinong'ona jikoni, ananijibu akiwa barazani. Ndiyo maana nakuandikia, nikiwa hapa dukani, wateja wakiwa wachache kwa sababu ya mvua.

Jambo lenyewe ni sakafu.

Usicheke. Unaikumbuka sakafu ya nyumba yenu, zile mbao za msonobari alizopigilia babu kwa mkono wake, pana kama meza. Ulipoondoka zilikuwa nyekundu bado zinang'aa, maana mama alikuwa akizipaka rangi ya mafuta kila zilipochoka. Mama alipotutoka, hakuna aliyeshika brashi tena. Rangi ikaanza kubanduka magamba magamba. Chini yake mbao zikachakaa, sehemu laini zikaliwa na sehemu ngumu zikabaki zimesimama, ukipitisha kiganja unahisi mistari kama ubao wa kufulia. Misumari ikachomoza vichwa. Na vibanzi, Shangazi! Ukifagia, ufagio unanasa.

Baba naye, kama ujuavyo, hataki kuvaa kitu mguuni akiwa ndani. Nilimnunulia ndala, nikanunua za manyoya, nikanunua hadi soksi zenye raba chini. Zote zipo uvunguni. Akasema, “Nikivaa ndala miguu inakuwa kiziwi.” Mimi nikadhani ni ubishi wa uzee. Nilicheka, nikasimulia hadi dukani, wenzangu nao wakacheka.

Kisha akachomwa na kibanzi kisiginoni. Hakusema. Nilikuja kukijua baada ya mguu kuvimba, kidonda kimeshatunga usaha, na mtu mwenyewe ana sukari. Muuguzi wa kliniki alikitazama kile kidonda, akanitazama mimi, akasema, “Wewe si unafanya kazi ya dawa? Mguu wa mwenye sukari unajua unavyokatwa, au nikueleze?” Nilitamani ardhi ipasuke. Kidonda kilipona, Mungu mkubwa, lakini nilirudi nyumbani nimeapa: ama baba avae ndala, ama sakafu ile iondoke. Na baba hakuwa wa kuvaa ndala.

Tukakaa kikao, mimi na kinyozi. Yeye akataka tuweke vigae. Baba alisikia kutoka barazani, akapiga kelele, “Mbao za baba yangu hazifunikwi! Mkitaka vigae nendeni mkajenge kwenu!” Basi tukakubaliana kuisugua upya, tutoe rangi yote, tuzibe matundu, tupake vanishi. Baba mwenyewe aliposikia hivyo akasema, “Hiyo sawa. Kuoga si dhambi.” Nataka ukumbuke, Shangazi, kwamba alisema sawa. Mimi nakumbuka hivyo kila siku na bado hainisaidii.

Tulimpata fundi mmoja wanamwita Randa. Jina lake halisi sidhani kama hata mkewe analijua. Ni mtu wa kelele, penseli sikioni, mdomo unanguruma kuliko mashine yake. Alipiga magoti sebuleni, akakwangua rangi kwa patasi, akanusa, akafumba macho kama anaonja mchuzi. “Dada,” akasema, “hii ni misonobari ya zamani, ilikua polepole. Ya siku hizi inaota kama uyoga. Nyie mnakanyaga utajiri mmeupaka rangi ya mlango wa choo.” Nilimpenda papo hapo kwa maneno hayo.

Baba tulimpeleka kwa kinyozi, maana vumbi la rangi ya zamani lina sumu na mapafu yake si ya kuchezea. Tukahamisha vitu vyote. Tukafunga milango kwa mashuka yaliyoloweshwa maji. Randa akaanza kuzamisha misumari, akaja na mashine yenye msasa mkali, ule wa chenga kubwa kama mchele. Mwanzo rangi ilikuwa ikiyeyuka kwa joto na kunata kwenye msasa, akawa anabadilisha karatasi huku akiwatukana watengenezaji wa rangi mpaka kizazi cha nne. Kisha ghafla mbao zikatokea. Shangazi, natamani ungeona! Rangi ya asali. Nyumba nzima ikanukia utomvu, kama mti umekatwa asubuhi ile, wakati mti wenyewe ulikatwa kabla wewe hujazaliwa.

Chumba cha kati ndicho kilichotuletea kazi. Chini yake mchwa walikuwa wamekula boriti. Ikabidi Randa ang'oe mbao za chumba chote, aweke boriti mpya, azirudishe. Zilizooza akazitupa. Zilizobaki nzuri upande wa chini akazigeuza, chini ikawa juu. Na kwa kuwa sebuleni kulikuwa na mbao mbili tatu zilizopasuka, alichukua za chumba cha kati akazipeleka huko. Mimi nilikuwa hapo nikimpa chai. Niliona kila kitu. Nikasema tu, “Hongera, fundi.”

Matundu yote akaziba kwa unga wa mbao aliouchanganya na gundi. Akapitisha msasa laini, halafu mkono wa kwanza wa vanishi, wa pili, wa tatu. Ilipokauka, nilivua viatu nikatembea kutoka mlangoni hadi jikoni na kurudi. Laini kama shavu la mtoto. Hakuna kibanzi, hakuna msumari, na haikulia hata kidogo. Nililia mimi. Nilisema moyoni, laiti mama angeiona.

Tukamrudisha baba siku ya Jumamosi. Kinyozi alifunga duka lake, mkewe akaleta mkate na maua ya plastiki. Tulitaka iwe sherehe ndogo. Baba akapanda ngazi za barazani mwenyewe, kama kawaida yake, mkono kwenye mwimo wa mlango, akavua viatu, akaingiza mguu wa kulia.

Akasimama.

Akaingiza wa kushoto. Akausogeza kidogo mbele, akaurudisha, kama mtu anayepima maji ya kuoga. Sisi tunatabasamu, tunasubiri. Akageuza uso upande nilipokuwa, akaniuliza kwa adabu sana, ile adabu anayowapa wageni:

“Samahani. Hapa mmenileta kwa nani?”

Nilicheka, nikidhani ni utani wake. “Baba, hapa kwako! Si unasikia harufu ya vanishi?”

“Nasikia harufu,” akasema. “Nauliza ni kwa nani.”

Kinyozi akamshika mkono, akamwambia, “Hii ni sebule, baba, kiti chako kiko mbele.” Baba akapiga hatua mbili, akasimama tena. Mikono ikaanza kutafuta hewani. Shangazi, mtu huyu alikuwa akitembea nyumba hii nzima bila fimbo, akibeba chai ya moto, asimwage! Nami nilikuwa nikiwaambia watu kwamba baba yangu haoni lakini anaona. Sasa akawa amesimama katikati ya sebule yake kama mtu aliyeshushwa na basi usiku mahali asipopajua. Akasema kwa sauti ndogo, “Nikalisheni karibu na mlango.”

Akakaa karibu na mlango. Na hapo ndipo alipobakia. Akitaka chooni ananiita. Akitaka kulala ananiita. Mtu ambaye hakutaka kushikwa mkono hata kwenye mazishi, sasa ananiita kama mtoto, na akishaita anaomba radhi. Hilo la kuomba radhi ndilo lililonimaliza. Nilizoea anigombeze.

Kinyozi akasema akili ya baba imeanza kutoka. Akanivuta nje hadi kwenye kamba ya nguo, akasema, “Dada, tusidanganyane. Ameuliza hapa ni kwa nani. Tumpeleke kwangu moja kwa moja, nyumba hii tuipangishe.” Tukampeleka kwa daktari. Daktari akamuuliza tarehe, akataja. Akamuuliza hesabu, akajibu haraka kuliko mimi. Daktari akasema akili ni nzima, pengine ni huzuni tu, apewe muda. Muda wa nini, hakusema. Kinyozi naye akasema daktari ni kijana, hajui wazee. Mimi katikati, sijui nimwamini nani. Baba alipoambiwa habari ya kuhama alijibu neno moja tu: “Mnibebe kama godoro?” Hakupandisha sauti.

Kisha asubuhi moja nilichelewa kutoka. Nilikuwa jikoni nafunga chakula changu cha mchana, nikasikia nyayo. Nikachungulia. Baba alikuwa amejikongoja peke yake hadi chumba cha kati, mgongo ukiambaa ukuta. Alikuwa anasogeza mguu wa kulia sakafuni, kidole gumba kikitangulia, anachora vimduara. Anasogea kidogo, anachora tena. Nilidhani amedondosha kitu.

“Baba, unatafuta nini?”

Akashtuka kama nimemfumania. “Hakuna.”

“Niambie nikutafutie. Mimi nina macho.”

Akachora kiduara kingine kwa kidole. Halafu akasema, “Kulikuwa na tundu hapa.”

“Matundu yote fundi ameyaziba, baba. Hakuna tena la kukuumiza.”

“Ndiyo,” akasema. “Nimegundua.”

Nilimuuliza tundu gani. Ndipo akaniambia, na ninakuandikia kama alivyoniambia. Cherehani ya mama, ile ya kukanyaga yenye miguu ya chuma, ilikaa mahali pamoja miaka yote hiyo mpaka miguu yake ikadidimia kwenye mbao. Mama alipofariki, cherehani tukampa mke wa kinyozi, unakumbuka, tuligawa vitu siku ya tatu kama watu wanaokimbizwa. Cherehani ikaondoka, vijishimo vyake vikabaki. Baba akavipata kwa mguu. Kimoja, akasema, kilikuwa sawasawa na kidole chake gumba. Basi kila asubuhi, kabla sijaamka, alikuwa akienda chumba cha kati, anatia kidole kwenye kile kishimo, anasimama, anamsalimia mama. Anamweleza habari. Kwamba mimi nimepandishwa cheo. Kwamba kinyozi amepata mtoto wa pili. Halafu ndiyo anakwenda kuoga.

Mimi nalala chumba cha pili, Shangazi. Ukuta mmoja. Miaka yote sikujua.

Nikamuuliza, “Kwa nini hukutuambia tusikiguse?”

Akasema, “Ningewaambia nini? Kwamba naongea na tundu?” Akacheka kidogo. Halafu akaanza kunieleza na mengine, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto ramani. Ubao uliolia kama bata ulikuwa mlango wa chumba chake. Msumari uliochomoza ulimwambia ageuke kwenda jikoni. Ile mistari ya ubao wa kufulia ilikimbia kutoka mlangoni moja kwa moja hadi kwenye kiti. Mimi niliita uchakavu. Yeye ilikuwa barabara yake. “Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao,” akaniambia. “Nyinyi hamkuuacha mbachao, mkeka mkuukuu, mmeusugua mpaka ukawa msala.”

Sijui kama alinilaumu au alinitania. Uso wake siku hizi ni mgumu kuusoma.

Nikatoka mbio kumtafuta Randa. Nilimkuta kwenye jengo jingine, amefunikwa na vumbi kama andazi lililoviringishwa kwenye sukari. Nikamuuliza, “Fundi, zile mbao za chumba cha kati, ulizirudisha kila moja mahali pake?” Akanitazama. “Dada, mbao si wanafunzi, kila mmoja na dawati lake. Niliweka panapoingia.” Nikamuuliza kama anakumbuka vishimo vinne vya duara. Akasema aliziba mashimo mia. Nikamweleza. Na mtu yule wa kelele, Shangazi, akazima mashine, akatoa penseli sikioni, akairudisha. Alikuja jioni ile, akaichunguza sakafu nami, tumepiga magoti wote wawili, tochi mkononi, tunatafuta viraka vya gundi. Viko kila mahali! Kipi ni mguu wa cherehani, kipi ni msumari uliong'olewa, kipi ni mchwa? Viwili vya duara tulivipata sebuleni, chini ya kabati la vyombo. Vingine havipo. Vimegeuzwa vinatazama chini, au vimetupwa. Randa akajitolea kutoboa vingine vipya pale pale kwa patasi. “Niambieni tu ilikaa wapi,” akasema.

Ilikaa wapi. Hapo ndipo nilipo mimi sasa, na ndipo ninapokuomba.

Mimi nilisema bila kufikiri: chini ya dirisha. Mama alipenda mwanga, alikuwa akisema jicho la sindano halioni gizani. Namwona kabisa, mgongo kwangu, jua begani. Kinyozi akasema hapana, ilikuwa ukuta wa jikoni. Yeye akiwa mdogo alikuwa akilala chini ya cherehani mama akishona, na anakumbuka joto la jiko likipenya ukutani. Tukabishana. Tulibishana mpaka tukakumbushana mambo ya utotoni yasiyohusiana kabisa, hadi nani alivunja kioo cha kabati. Picha hatuna. Nani apige picha ya mtu anashona? Mkewe kinyozi ndiye aliyekwenda kuichukua cherehani, lakini aliikuta waombolezaji wameshaitoa nje, ipo barazani. Sote tuna uhakika, na haiwezekani sote tuwe sahihi. Aliyekuwa akijua bila shaka ni ile sakafu, nasi tulimlipa mtu aifute.

Tukamwendea baba. Yeye ndiye aliyesimama pale kila siku, nani ajue kuliko yeye? Akasimama katikati ya chumba, akageuka huku, akageuka kule. Akasema, “Miguu ndiyo iliyokuwa inajua. Mimi nilikuwa nafuata tu.”

Kinyozi alitoka nje. Alisema anakwenda kuvuta hewa, lakini nilimwona anafuta macho na ile fulana yake ya kazini.

Sasa sikiliza kilichotokea baada ya hapo, maana ndicho kilichonichanganya kuliko vyote. Baba hakukata tamaa. Alianza kutambaa. Ndiyo, kutambaa, kwa magoti na viganja, kaka yako na umri wake, chumba hadi chumba. Nilitaka kumzuia, akaniambia niende kazini. Jioni nilipomkuta, alikuwa na habari. Msonobari una vifundo, pale matawi yalipotokea, na vifundo ni vigumu, msasa hauvili kama mbao nyingine. Kwa hiyo vimebaki vimeinuka kidogo, kidogo mno, mimi kwa kiganja sivihisi. Yeye anavihisi kwa unyayo. “Mti huu una macho mengi kuliko yangu,” akasema, na akacheka kicheko chake kile cha zamani, cha kukohoa. Sasa anakwenda chooni mwenyewe. Juzi alikwenda jikoni, akajigonga muundi kwenye kigoda, akakitukana kigoda tusi ambalo siwezi kuliandika. Shangazi, sijawahi kufurahi kusikia tusi kiasi kile.

Na chumba cha kati amejichagulia mahali. Ni karibu na mlango, kwenye kifundo kimoja kikubwa. Anasema amekumbuka, ilikuwa hapo, anasema hata harufu ya mafuta ya cherehani anaisikia. Kila asubuhi anasimama hapo. Sasa hajifichi tena, anaongea kwa sauti, nami namsikia kupitia ukutani.

Lakini haikuwa hapo! Hapo si dirishani, wala si ukuta wa jikoni. Karibu na mlango haiwezekani, mlango ungeigonga kila ukifunguliwa. Au labda mlango ulikuwa ukifungukia nje? Unaona nilivyo? Hata mlango sasa nauwekea shaka.

Kinyozi anasema tumwache. Jana nilikubaliana naye. Leo sikubaliani. Nikinyamaza, nahisi namdanganya kipofu nyumbani kwake mwenyewe. Nikisema, nitakuwa nimempokonya mara mbili. Na je, nikisema halafu ikawa mimi ndiye niliyekosea?

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Wewe ulikuwa msichana hapa mama alipoolewa. Cherehani ile ndiyo aliyokufundishia wifi yako. Mama alikuwa akisimulia jinsi ulivyojishona kidole siku ya kwanza, ukakataa kulia mbele yake. Ulikaa kwenye kiti cha cherehani ile kabla yetu sote. Ukiinua macho kutoka kwenye nguo, ulikuwa unaona nini? Dirisha? Ukuta? Watu wakipita koridoni?

Fikiri vizuri kabla hujajibu. Maana asubuhi hii, kabla sijaja dukani, baba aliniita. Nikaenda. Akanishika mkono, akanisogeza, akasema, “Kidogo kushoto. Hapo hapo. Vua viatu. Msalimie mama yako.”

Nikavua viatu. Nikasimama juu ya kile kifundo, mahali ambapo naamini kabisa mama hakukaa hata siku moja. Nikasema, “Shikamoo, mama.” Nilitaka kusema hilo tu, kumridhisha mzee. Lakini Shangazi, nilijikuta namweleza. Nilimweleza kila kitu, habari za kazi, habari za yule mwanamume niliyemwacha, hofu yangu ya kubaki peke yangu baba akiondoka, mambo ambayo sijamwambia mtu yeyote tangu tumzike. Baba amesimama pembeni ameinamisha kichwa. Nilichelewa kazini. Viatu nilivaa nikiwa barabarani.

Kwa hiyo niandikie ilikaa wapi. Nataka kujua. Lakini ukiona ni mahali pengine, usimwambie yeye kwenye simu, niambie mimi kwanza. Au, nikifikiri tena, usiniambie na mimi. Hapana, niambie. Shangazi, wewe ndiye mkubwa, amua wewe.

Kaunta inagongwa, kuna mteja wa dawa ya kikohozi, acha niishie hapa. Msalimie mzee wako, wasalimie mapacha na jirani yako yule anayekupelekea mboga. Kinyozi na mkewe wanakusalimu, na watoto wao wanauliza wewe ni mrefu kiasi gani. Kaka yako hajui kama nakuandikia, lakini kila jina lako likitajwa anasema, “Yule alikuwa na miguu mizito, nilimjua akiwa bado getini.” Ichukue kama salamu.

Mungu alitulize goti lako, akupe usingizi mzuri, na akurudishe siku moja nyumbani ukiwa na nguvu zako, uingie kwa mlango huu bila viatu.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa sijielewi.